Mistari Minne ya Bwana Josho

Mimi sikumpenda Bwana Josho. Nasema mapema, maana siku hizi nikimtaja watu hudhani nilikuwa mtu wake tangu mwanzo. Wapi! Kwa miaka mitatu mizima nilimwona mzee wa maringo, anayevaa gambuti nyeusi wakati sisi wenzake tunatembelea katambuga za matairi, aliyepewa ufunguo wa stoo ya kijiji akadhani amepewa wa mbinguni. Jina lake ninalijua. Silitaji kwa sababu hapa kwetu, chini ya mlima wa Kilimatinde, hakuna aliyelitumia. Hata mkewe alimwita Bwana Josho, na watoto wake walikuwa watoto wa Bwana Josho, basi.

Josho lenyewe lilikuwa shimo refu la saruji, nje kidogo ya kijiji, kwenye njia ya kwenda Kintinku. Linajazwa maji, maji yanatiwa dawa ya kuua kupe. Ng'ombe anaruka kuingia upande huu, anaogelea pua tu ikiwa juu, anapandia upande wa pili akitiririka maji, kisha anasimama kwenye uwanja wa saruji mpaka akauke. Kila Jumanne. Kijiji kilikuwa kipya wakati huo. Tulikuwa tumetolewa kwenye mahame yetu tukaambiwa tukae pamoja, tulime pamoja, tuogeshe pamoja. Wengine walinung'unika sana. Mimi nilipenda bomba la maji. Hayo mengine niliyavumilia.

Sasa huyu bwana alikuja kutoka upande wa Mtinko, Mnyaturu peke yake katikati ya Wagogo. Alijifunza kutuamkia "Mbukwenyi" kwa lafudhi yake, watoto wakawa wanamwigiza njia nzima. Hakuwakemea. Aliwarudishia salamu hiyohiyo, vibaya zaidi, kwa makusudi, mpaka wao ndio wakaona haya.

Lakini Jumanne alikuwa mtu mwingine. Alisimama mbele ya geti la josho ameshika fimbo kwa kulala, kama mtu anayezuia mlango, na kabla ng'ombe hata mmoja hajapita alisema neno moja: "Mistari." Hapo mchungaji, awe mtoto awe mzee mwenye mazizi matatu, alipaswa kusema:

"Ni sumu ukiinywa. Ni sumu ikigusa ngozi. Ni sumu ukivuta hewa yake. Iweke mbali na chakula na watoto."

Hivyo hivyo, bila kupunguza wala kuongeza. Ukisema "ni sumu kwa mwili" unarudi mwisho wa foleni na ng'ombe wako. Nimeona kwa macho yangu mzee mmoja, baba mkwe wa mwenyekiti, mtu anayesalimiwa kwa kupiga magoti, akirudishwa.

"Nimechunga kabla baba yako hajaoa," mzee alifoka. "Leo wewe unifundishe ng'ombe?"

"Ng'ombe sikufundishi, baba. Shikamoo tena. Nakufundisha maandishi ya bati la dawa."

Na mzee akarudi nyuma, akitukana kwa Kigogo, akiamini yule Mnyaturu haelewi. Alielewa yote. Jioni yake alimwendea nyumbani na ugoro wa kumpoza, wakakaa kwenye kibaraza wakipiga chafya kwa zamu.

Neno alilolichukia kuliko yote ni "kali". Mtu akisema "dawa hii ni kali" alikuwa anaanza:

"Kali kwa njia ipi?"

"Kali tu, mzee."

"Pilipili ni kali. Jua la Kintinku ni kali. Mke wangu ni mkali, na bado nakula chakula chake. Nauliza sumu hii inaingia kwa njia ipi? Kinywa? Ngozi? Pua? Ukijua njia unajua pa kufunga."

Tulicheka. Mke wake mwenyewe alicheka, alikuwa mpole yule mama hata akichinja kuku anamwomba radhi kwanza.

Mistari ile hakuitunga. Hili nililijua baadaye, nilipoanza kisomo cha watu wazima, kwa maana na yeye alikuwa anakuja pale darasani, mlango wa nyuma, na bati tupu chini ya kwapa. Alisoma mpaka darasa la nne tu. Mabati ya dawa yalikuja yameandikwa Kiingereza, herufi ndogo kama chawa, na juu kabisa neno moja kubwa. Bwana wa mifugo aliyemkabidhi josho alimwambia, "Changanya hivi, usinywe," akapanda pikipiki akaenda zake. Mwenzetu hakuridhika. Alinunua daftari, akaliandika bati lote, herufi kwa herufi, asijue hata neno moja lina maana gani, na siku ya mapumziko akapanda mlima kwa miguu hadi Kilimatinde, kwa sista mmoja wa hospitali ya misheni, akamwomba amsomee.

Sista alimsomea kwa haraka: ni sumu, uwe mwangalifu. Yeye akakaa. Akasema, "Hapana, sista. Nataka hili neno, kisha hili, kisha hili." Alipanda mlima ule mara sita, au saba. Kuna neno moja lililowachukua ziara nzima, kwa sababu kwenye bati la dawa ya wadudu wa mahindi liliandikwa lingine, na sista alitaka kuyatafsiri yote mawili "ni mbaya". Bwana Josho akakataa. Kama mwenye kiwanda ametumia maneno mawili, basi ni mambo mawili. Wakafika mahali: moja ni "sumu", inaweza kuua, la pili ni "inadhuru", itakuumiza lakini huenda ukapona. Alirudi kijijini siku hiyo akiimba. Kweli, watu walimsikia.

Kilichomfurahisha zaidi kilikuja mwaka uliofuata. Lilikuja bati la kiwanda kingine, rangi nyingine, nchi nyingine. Akafungua daftari lake, akalinganisha, na mstari wa ngozi ulikuwa uleule, neno kwa neno. Alikuja nalo mpaka darasani, akamkatiza mwalimu.

"Mnaona? Hawa hawajuani. Huyu yuko kwake, yule yuko kwake. Lakini wamekaa mahali wakakubaliana kwamba jambo hili litasemwa kwa maneno haya haya tu, ili mtu asidanganyike. Na sisi tukubaliane."

Mwalimu alikasirika, maana tulikuwa kwenye "baba analima shamba". Mimi nikakaza macho kwenye lile bati. Neno la kwanza nililolisoma maishani mwangu bila kusaidiwa lilikuwa "sumu", lile alilokuwa amelibandika juu yake kwa karatasi na ugali. Sijui kama ni jambo la kujivunia.

Alitufundisha pia kwamba bati lina sehemu mbili. Kwanza linakuambia tabia ya kitu kilichomo. Halafu linakuambia ufanye nini. "Msichanganye," alikuwa akisema. "Mtu akikupa amri tu, siku ukiwa na haraka unaiacha. Akikuambia tabia, amri unajitungia mwenyewe." Na lile neno kubwa la juu alisema ni sauti tu. Kwenye bati moja linapiga kelele, kwenye jingine linazungumza kwa kawaida, na ukizoea unajua umbali wa kusimama kabla hujasoma kilichobaki.

Mwenyekiti wa kijiji aliwahi kutaka mlango wa stoo upakwe rangi na kuandikwa maneno ya kuchangamsha: TUHESHIMU DAWA, TUJENGE TAIFA. Kamati ikapiga makofi. Bwana Josho akasimama, kofia mkononi, akauliza, "Mwenyekiti, mtu akiisoma hiyo atajua inaingia kwa njia ipi?" Mistari minne ikabaki. Kulikuwa na wa tano kwenye bati, unaosema inaua samaki, na huo watu waliuchekelea mpaka akaacha kuudai getini, maana Kintinku yetu hii, kwa jua lile, samaki gani? Ila mtaro wa kumwagia maji ya josho aliuchimba mbali na korongo, peke yake, na mvua kubwa ilipojaza mbuga na kambale wakaja mpaka kwenye mashamba ya mtama, tulikula kitoweo mwezi mzima bila hofu. Hakusema "niliwaambia". Alikula naye.

Usidhani alikuwa mtu aliyenyooka kila upande. Bwana Josho alikuwa anaogopa ng'ombe! Katika nchi yetu, ambapo mtoto wa miaka mitano anapita katikati ya fahali akila muwa, yeye mistari ikishasemwa alirudi nyuma ya geti, na dume likigeuza shingo anaruka ukuta na gambuti zake. Hakuwa na ng'ombe hata mmoja wake. Kazi ya kuwasukuma wale wanaogoma aliifanya kibarua wake, mwanamume wa makamo mwenye wake wawili na miguu mikubwa, ambaye ndiye pia aliyekoroga dawa. Bila kibarua yule, josho lingelala. Watu walimtania mzee mpaka kwenye pombe ya mtama, naye akinywa vikombe vitatu anacheza ngoma yetu vibaya sana, magoti juu, anaigiza jinsi anavyoruka ukuta.

Na kitu kingine cha ajabu. Yeye anayekurudisha nyuma kwa neno moja, ukikosea kweli hakukugombeza. Mchungaji mmoja alirukiwa na maji ya josho usoni, akanyamaza kwa kuogopa kuchekwa, akashinda amefumba jicho moja. Bwana Josho alipogundua alimshika shingo akamuosha jicho kwenye pipa, maji mengi, mpaka yule bwana akalalamika atazama. Watu wakaanza, wewe mjinga, wewe hivi. Mzee akawanyamazisha. "Kunawa kwanza. Maneno baadaye." Na baadaye ilipofika hakuwa na maneno.

Ugomvi wangu na yeye ulikuwa wa bati. Bati la dawa likiisha linabaki kitu kizuri mno, kina mfuniko unaobana, hakivuji. Kwetu hakuna bati linalotupwa. Ni la maji, ni la kupimia uwele, ni la kuhifadhi mlenda mkavu, ukiwa na bahati ni la kuezekea. Nilimwomba moja. Nilipiga magoti, shikamoo baba, hali za nyumbani, yote. Akaniitikia vizuri, akaingia stoo, akatoka na bati, moyo wangu ukaruka. Akaliweka chini, akachukua sururu akalitoboa mara nne mbele ya macho yangu.

"Aisee!" nikasema. "Mzee, si ningeliosha?"

"Utaosha harufu, mama Chibago. Kilichomo si harufu tu."

"Mbona ng'ombe wanaogelea humo na hawafi? Ngozi ina mdomo?"

Akanieleza, taratibu. Kwamba shimoni dawa ni kidogo sana ndani ya maji mengi, na ya bati ni ile yenyewe, haijapunguzwa. Kwamba ng'ombe ni mzito na ngozi yake ni nene. Kwamba hata hivyo anasimamishwa mpaka akauke ili asijilambe. Nilimsikia kwa sikio hili, yakatokea kwa hili. Njia nzima ya kurudi nilimwita mchawi wa mabati, kwa sauti, na wanawake wa bombani wakaniunga mkono.

Sasa nifike pale ambapo singependa kufika.

Chibago ni mtoto wangu wa kwanza. Alikuwa na miaka mitatu, na alikuwa na homa ya papasi. Asiyewajua papasi ashukuru Mungu: wanafanana na kupe, wanakaa kwenye nyufa za kuta za tembe na kwenye vumbi la sakafu, mchana huwaoni, ukilala wanakuja. Homa yake inakuja siku nne, inaondoka, unachinja kuku kwa furaha, inarudi. Mwanangu alikuwa amebaki kichwa na macho. Nilimwaga maji ya moto, nilifukiza majani, nilipaka majivu. Papasi tulihama nao kutoka kwenye mahame, ndani ya vitanda na nguzo, wakakaa kwenye nyumba mpya kama wenye nyumba.

Nikamwendea kibarua wa josho na jogoo. Akanipa nusu chupa ya dawa, ya bati, isiyotiwa maji. Aliniambia, "Mistari unaijua." Nikamwambia naijua. Na kweli nilikuwa naijua.

Jumanne asubuhi mume wangu akaswaga ng'ombe kwenda josho, mama mkwe akaenda shambani kuchuma majani ya kunde. Nikafunga kanga puani. Nikatumbukiza kitambaa, nikapaka nyufa zote na sakafu chini ya kitanda. Niliona papasi wakitoka wakitapatapa wanakufa, nikashangilia peke yangu. Dawa ikabaki kidogo chini ya chupa. Nikamwangalia mwanangu, mgongo wake wote madoa ya kuumwa, upele umejaa. Nikafikiri, ng'ombe anaingia mzima mzima na kupe wanamwogopa wiki nzima. Nikaongeza maji kidogo, nikampaka mgongo na miguu ili papasi wasimsogelee tena. Alilia kwa kuwashwa na vidonda. Nikamlaza kivulini, nikaenda kufagia.

Niliporudi mate yalikuwa yanamtoka mfululizo, ametapika, na nyama za mapaja zilikuwa zinacheza zenyewe chini ya ngozi. Nikamfunua macho. Ile mboni nyeusi imekuwa nukta.

Mama mkwe akaingia na kapu lake. Akapiga yowe: "Degedege! Leta mavi ya tembo, tumfukize! Ni degedege, sivyo?"

Nikasema ndiyo.

Narudia: nilisema ndiyo, ni degedege. Mwenyekiti alikuwa ametangaza mkutanoni kwamba atakayegusa dawa ya kijiji ni mhujumu, atapandishwa lori hadi Manyoni. Nikamfikiria mume wangu, nikafikiria aibu, nikafikiria jela. Mwanangu alikuwa anakoroma mikononi mwangu na mimi nafikiria jela. Mama mkwe akawasha moto wa kufukizia. Moshi ukaanza kupanda, mtoto akashindwa kuvuta pumzi, akavuta moja ndefu yenye mapovu, akakaa. Akakaa. Akavuta tena.

Nikamnyakua nikatoka mbio.

Josho lilikuwa limejaa. Foleni ya ng'ombe mpaka barabarani, wanaume wote wa kijiji pale, mume wangu akiwa wa tatu kutoka getini. Nilipita katikati ya pembe. Bwana Josho alinitazama, akamtazama mtoto.

"Kuna nini?"

"Dawa," nikasema. "Dawa ya josho."

Wanaume wakageuka wote.

"Kwa njia ipi?"

"Ngozi. Nimempaka mgongo na miguu."

"Ya shimo au ya bati?"

"Ya bati. Nimeongeza maji, kidogo."

"Amekunywa?"

"Hapana, baba. Ngozi tu."

Hakuuliza nani alinipa. Nilikuwa nasubiri swali hilo kwa woga, halikuja. Alivaa glavu zake, akamchukua mtoto, akamvua kishati akakitupa mbali, akamtumbukiza kwenye pipa la maji safi, akamsugua kwa sabuni, akamwaga, akamsugua tena, nywele, kucha, nyuma ya masikio. Akaniambia, "Na wewe. Mikono. Na hiyo kanga ivue, imelowa dawa." Mbele ya wanaume wote! Nikaivua. Akanitupia koti lake bila kunitazama. Mume wangu alisimama na fimbo yake mdomo wazi, mpaka mzee akamwambia, "Baba Chibago, chota maji," akachota.

Kisha Bwana Josho akafunga geti. Jambo hilo halijawahi kutokea Jumanne. Ng'ombe walikuwa wanalia. Akaingia stoo na kisu, akabandua karatasi ya kiwanda kwenye bati, akaikunja akatia mfukoni, tukaenda barabarani tukikimbia, yeye na gambuti zake, mume wangu na mtoto, mimi na koti lililofika magotini. Likaja lori la wanunuzi wa ng'ombe linatoka mnadani. Mzee wa watu, anayeruka ukuta kwa kuogopa ndama, akasimama katikati ya njia akafungua mikono. Lori likafunga breki mbele ya kifua chake. Akatupandisha nyuma, katikati ya mafahali, naye akapanda. Mlima mzima aliegemea ubavu wa dume jeusi na hakuonekana kujua.

Hospitali daktari alianza na homa: imeanza lini, anatapika tangu lini. Swali la haki, watoto wote wa huku chini wanaletwa na homa. Bwana Josho akatoa karatasi akaifungua mezani, akaweka kidole. "Ni sumu ikigusa ngozi. Imegusa. Asubuhi hii. Hakuinywa. Tumemwosha." Yule sista wake alikuwa amesimama mlangoni. Alisoma kile kikaratasi mara moja, wakatazamana na daktari, akakimbilia kabatini. Sindano ya kwanza, wakasubiri, ya pili, ya tatu. Sista aliniambia baadaye kwamba kwa mtoto wa degedege wangempa dawa nyingine kabisa, na muda usingekuwepo wa kukosea mara mbili. Kesho yake mchana Chibago alifungua macho, mboni zimerudi, akasema, "Uji." Mume wangu akatoka nje kulia. Mimi nililia palepale, sikuwa na haya iliyobaki.

Kijijini mkutano uliitishwa. Nilisimamishwa mbele, nimembeba mwanangu. Mwenyekiti alisema maneno yake yote, mali ya umma, hujuma, lori. Kibarua akasimama mwenyewe, akasema ni yeye aliyetoa chupa. Bwana Josho akaomba nafasi.

"Huyu mama alisema," akaanza. "Alisema mbele ya watu wote, na kwa kusema mtoto yuko hai. Mkimpandisha lori, mwingine atakayekosea atasema ni degedege. Na mtafukiza mpaka mzike. Mimi sina zaidi."

Watu wakaguna. Baba mkwe wa mwenyekiti, yule aliyerudishwa foleni, ndiye aliyesema kwa sauti, "Mnyaturu huyu ana akili." Tukapewa adhabu ya kufukua mtaro wa josho wiki nzima, mimi na kibarua, na tukaufukua. Tulipomaliza niliona kitu mlangoni pa stoo. Yule mtu aliyekataa kubadili hata herufi moja alikuwa ameongeza mstari, pembeni, kwa chokaa, mbali kidogo na ile minne: *Ikikupata, nawa, kisha sema.* Nikamuuliza umetoka bati gani. "Huo si wa kiwanda," akasema. "Huo ni wetu." Tangu hapo na huo ulisemwa getini, na wanawake bombani tuliufundisha watoto, na kila mara mtu alipopatwa alikuja mbio akisema. Walikuja wengi kuliko nilivyotarajia. Hakuna tuliyemzika kwa dawa ile.

Miezi miwili baadaye wakubwa walimhamisha, kwa sababu dawa ilikuwa imepungua stoo na yeye ndiye mwenye ufunguo. Aliondoka na baiskeli na daftari. Nilijua ni kwa ajili yangu, na nilibeba jambo hilo miaka mingi kuliko nilivyombeba Chibago.

Nilimwona tena mara moja. Chibago alikuwa kijana mrefu kuliko baba yake, tayari anatafuta mchumba, nikamwambia anisindikize Mtinko. Tuliuliza sokoni, tukaonyeshwa. Alikuwa amekaa uani kwake kwenye kigoda, anapukuchua alizeti kwa kupapasa, macho yameingia ukungu. Nikapiga magoti. "Shikamoo, baba. Ni mama Chibago, wa Kintinku."

Mikono ikasimama.

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nikamwambia nimekuja kuomba radhi, kwamba walimwonea, kwamba chupa ile ilikuwa dhambi yangu na yeye akalipa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Hawakunionea."

"Vipi, baba?"

"Nilijua chupa zinatoka. Nilimwona kibarua mara mbili, kabla yako. Nikanyamaza. Nikimfukuza nani atasukuma ng'ombe? Mimi nilikuwa naogopa ng'ombe, mama Chibago. Nikajiambia, anaowapa wanajua mistari." Akaiweka kando alizeti aliyoshika. "Siku ulipokuja na mtoto, sikuuliza nani amekupa kwa sababu nilikuwa najua. Wewe ulisema mbele ya watu wote. Mimi mkutanoni nilisimama nikakusifu kwa kusema, na langu sikulisema. Mpaka leo."

Nilikasirika. Nisifiche, nilikasirika mpaka masikio yakapiga kengele. Miaka yote ile nimebeba mzigo wa watu wawili! Nikataka kuinuka niondoke. Halafu nikamtazama amekaa pale, mikono wazi kwenye magamba ya alizeti, anasubiri nimgombeze, na nikaona alikuwa ameshajigombeza yote.

"Umesema, umenawa sasa," nikamwambia. "Basi, baba. Yameisha."

Akauliza kwa sauti ndogo, "Ngozi ya mtoto je? Ilipona?"

"Chibago," nikaita, "njoo. Vua shati umpigie mzee magoti."

Akavua, akapiga magoti, akampa mgongo. Mzee akafuta mikono yake kwenye suruali, mara mbili. Akaanza shingoni, akashuka polepole, mabega, mbavu, uti wa mgongo, akitafuta kwa vidole. Akafika kiunoni.

"Hamna kitu," akasema.

"Hamna, baba."

Akarudi juu akaanza tena. Chibago, ambaye hakumbuki lolote, akanigeukia kuniuliza kwa macho, nami nikamwashiria atulie, amwache mzee amalize.